Vitu Tusivyotaka Kuviacha: Mrundikano Nyumbani na Afya ya Familia

  Juma lililopita tulizungumza kuhusu maji safi na jinsi ya kuyahifadhi. Leo nakuomba tuingie ndani ya nyumba, tena si sebuleni anapoketi mgeni. Twende chumba cha nyuma, uvunguni mwa kitanda, juu ya kabati na darini. Wazee walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Basi leo tunafungua.

Tutakuta nini? Magunia ya nguo zisizovaliwa. Redio iliyoharibika tangu watoto wakiwa shule ya msingi. Madumu yasiyo na vifuniko, magazeti ya miaka mitano, viatu vya upande mmoja, pasi isiyopata moto, chupa za dawa zilizobaki nusu. Ukiuliza kwa nini vitu hivi havitolewi, utajibiwa, "Acha, vitafaa siku moja." Au utapewa jibu la pili, ambalo ni zito zaidi: "Hicho ni cha marehemu. Usikiguse."

Kwa kuwa jambo hili linagusa moyo, nitaanza na yaliyotupata kwetu.

Baba yangu alikuwa fundi cherehani mtaa wa Majengo, Mombasa, kwa zaidi ya miaka 30. Alipofariki, vitu vyote vya kibandani vilihamishiwa nyumbani, vikawekwa chumba cha nyuma. Kulikuwa na cherehani, magunia manane ya vipande vya vitambaa, mashati ya wateja ambao hawakurudi, na koti moja lenye mkono mmoja tu, kwa sababu maradhi yalimkuta kabla ya kuushona wa pili. Mama alifunga mlango wa chumba kile. Hakuna aliyethubutu kutupa hata uzi.

Miaka mitatu baadaye dada yangu alirudi nyumbani na mwanawe wa miaka sita. Chumba kilichokuwapo ni hicho hicho, kwa hiyo kitanda kikatiwa katikati ya magunia. Mtoto alikuwa na pumu tangu zamani, lakini haikuwa ikimsumbua sana. Mle ndani ikawa ni kila usiku. Kifua kinalia kama filimbi, mtoto anaketi kitandani akitweta. Usiku mmoja tulimkimbiza hospitali kwa tuktuk, midomo imeanza kubadilika rangi. Alipopata nafuu, daktari alituuliza swali moja tu: "Huyu mtoto analala wapi?"

Mpendwa msikilizaji, mimi ni muuguzi. Swali lile nimewauliza akina mama wengi, na siku ile sikuwa na jibu la kujitetea.

Hebu tuelewe kinachotokea. Katika vumbi la nyumba mna wadudu wadogo mno, wasioonekana kwa macho, wanaoishi kwenye magodoro, mito, mapazia na nguo zilizorundikana. Chakula chao ni vijiganda vya ngozi vinavyotudondoka sisi wenyewe. Kinyesi chao, pamoja na kinyesi cha mende na mkojo wa panya, huwasha njia za hewa za mtu mwenye pumu. Njia hizo huvimba na kubana, hewa ikashindwa kupita. Rundo la nguo lisiloguswa kwa miaka mitatu ni makao mazuri kwa wadudu hawa wote.

Sasa nitakueleza kosa nililofanya, ili wewe usilifanye. Mama alikwenda matangani Kilifi kwa siku tatu. Nikaona nafasi ndiyo hiyo. Nikaita vijana wa mkokoteni, magunia matano yakaondoka. Mama aliporudi hakunigombeza. Aliketi kwenye kizingiti cha mlango akauliza, "Na koti je?" Koti lilikuwapo, sikuwa nimelifikia. Akalichukua akaingia nalo chumbani kwake, na kwa juma zima hakula vizuri. Ilikuwa kama kwamba tumemzika baba mara ya pili. Tena haukupita mwezi, chumba kikaanza kujaa upya. Safari hii yalikuwa ni maboksi na madumu ya kuokota.

Nilijifunza kwamba unaweza kuondoa vitu vya mtu kwa siku moja, lakini kama moyo wake haujaviachilia, atatafuta vingine. Tujiulize basi, kwa nini tunaving'ang'ania?

Sababu ya kwanza ni hofu ya kukosa. Aliyewahi kulala njaa hatupi hata mfuko wa plastiki. Husema akiba haiozi. Ni kweli, lakini akiba ni kitu unachojua kiko wapi na kitakufaa kwa kazi gani. Kitu usichokikumbuka, kilichofunikwa na vitu vingine kumi, si akiba tena. Hicho kimegeuka kuwa makao ya panya.

Sababu ya pili ni kumbukumbu. Tunaogopa kwamba shati likitoka, na mwenyewe atatoka moyoni. Sababu ya tatu ni haya. Sahani nilipewa na wifi, nikiitoa atasema nini?

Hofu hizi si ujinga wala si uchafu wa tabia. Kila mtu anazo kwa kiasi. Hata hivyo, kwa watu wengine hali hupita kiasi. Mtu hushindwa kabisa kuachana na vitu hata visivyo na thamani, akijaribu huumia vibaya, na vyumba hujaa hadi hakuna pa kulala wala pa kupikia. Huo ni ugonjwa wa kulimbikiza vitu. Shirika la Afya Duniani limeuweka katika orodha yake mpya ya magonjwa, iliyoanza kutumika Januari 2022. Unatibika kwa mazungumzo na mshauri aliyefunzwa, hatua kwa hatua, na wala si kwa kumcheka mgonjwa au kumvizia akiwa safarini. Vilevile, huzuni ya kufiwa ikizidi miezi sita na mtu bado hawezi kufanya shughuli zake za kawaida, hiyo pia inahitaji msaada. Anza na kituo cha afya kilicho karibu nawe, nao watakuelekeza.

Sasa chukua kalamu na karatasi. Nitakueleza njia tuliyoifuata mara ya pili, tukiwa pamoja na Mama.

Jambo la kwanza, anza na vitu vya hatari, vya kumbukumbu viache mpaka mwisho. Ukianza na picha za harusi utaketi chini ulie, na siku itaishia hapo. Dawa iliyopitisha muda haina machozi. Kusanya dawa zote za nyumbani na usome tarehe. Zilizoisha muda, na zile zilizobaki nusu baada ya ugonjwa uliopita, zipeleke kituo cha afya au duka la dawa uulize namna ya kuziteketeza. Usizitupe jalalani watoto wanapochezea. Wala usimpe jirani vidonge vilivyobaki kwa sababu anakohoa kama ulivyokohoa wewe.

Tafuta pia chupa za soda zilizotiwa mafuta ya taa au dawa ya kuua wadudu. Mtoto akiona chupa ya soda, anajua ni soda. Vitu hivyo vikae kwenye chombo chake, kilichofungwa na kuwekwa mbali na mikono ya watoto. Ikitokea mtoto amekunywa mafuta ya taa, usimtapishe wala usimnyweshe maziwa. Mkimbize hospitali mara moja, na ile chupa uende nayo.

Kisha toka nje uangalie tairi kuukuu, madumu na mikebe. Mbu anayeeneza homa ya dengi na chikungunya huuma mchana, na hutaga katika vyombo kama hivyo vikipata maji kidogo tu. Wasikilizaji wa Pwani mnakumbuka. Mwaka 2004 chikungunya ililipuka Lamu, na uchunguzi uliofanywa ulikadiria kwamba takriban robo tatu ya wakazi waliambukizwa. Mwaka huo huo ikafika Mombasa. Mwaka 2013 Mombasa ikakumbwa na dengi. Mayai ya mbu huyu hugandamana kwenye kuta za chombo na huweza kukaa kavu kwa miezi, yakingoja mvua. Kwa hiyo kumwaga maji peke yake hakutoshi. Chombo unachokihitaji kisugue kila juma na ukifunike, usichokihitaji kiondoe.

Hatimaye tazama njia za ndani. Kutoka kitandani mpaka mlangoni, na kutoka mlangoni mpaka chooni, pawe wazi. Mzee akijikwaa usiku na kuvunjika nyonga, huenda asitembee tena kama zamani. Na moto ukizuka, boksi lililoziba mlango laweza kuwa ndilo linalowazuia watu kutoka. Magazeti na nguo visikae karibu na jiko, mshumaa au taa.

Jambo la pili, gawa vitu mafungu matatu: vya kubaki, vya kumpa mtu, na vya kutupa. Fungu la nne la "tutaona baadaye" lisiwepo, maana hilo ndilo lililojaza chumba. Fanya kwa muda mfupi, nusu saa au saa moja, kisha upumzike. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hicho humwagwa vivyo hivyo, haba na haba. Sisi tulifanya kila Jumamosi, na ilituchukua Jumamosi sita.

Jambo la tatu ndilo kubwa. Mwenye vitu ndiye aamue. Mama aliketi barazani juu ya mkeka, mimi nikawa namletea kitu kimoja kimoja. Sikumwambia, "Tupa hiki." Nilimwuliza, "Mama, hiki kina habari gani?" Akaanza kusimulia. Kitambaa hiki kilibaki kwenye gauni la arusi ya fulani. Shati hili mwenyewe alihamia Nairobi. Tulipata hata daftari la madeni, kurasa tele za watu ambao hawakulipa. Mama alicheka mpaka akapangusa macho, akasema, "Hawa nimewasamehe wote." Mara nyingi alipomaliza kusimulia, aliniambia mwenyewe, "Haya, hicho peleka." Nikafahamu kwamba alichokuwa akikihifadhi ni habari ya kitambaa, na habari ile sasa tulikuwa tumeisikia na kuishika sisi.

Jambo la nne, kitu kizuri mpe mtu atakayekitumia. Ni rahisi kuachana na kitu ukijua kinakokwenda. Cherehani ya baba tulimpa msichana wa jirani aliyekuwa akijifunza ushonaji. Akipita huingia kumwamkia Mama, naye Mama humwuliza, "Mashine yaendeleaje?" Cherehani ikilia kwa jirani, Mama huisikia.

Jambo la tano, weka kasha moja la kumbukumbu, lenye mfuniko unaofunga. Weka ndani yake vitu vichache ulivyovichagua kwa mapenzi, viwe safi na vikavu. Kasha likijaa, kikiingia kipya kitoke cha zamani. Katika kasha la Mama mna mkasi wa baba, futi yake ya kupimia, picha tatu, lile daftari la madeni, na lile koti la mkono mmoja, limefuliwa na kukunjwa. Hatukumwomba alitoe. Kumbukumbu haimdhuru mtoto. Mtoto alidhuriwa na magunia manane yaliyokaa gizani.

Chumba kilipokuwa wazi tulifungua madirisha, tukafua mashuka na foronya kwa maji ya moto, tukaanika godoro juani, na tukapangusa vumbi kwa kitambaa chenye maji, maana ufagio mkavu hulirusha hewani. Mtoto tulimtoa nje ya nyumba wakati wa kazi hiyo, nawe fanya hivyo.

Je, pumu imepona? Hapana, na sitakudanganya. Mtoto yule bado anatumia dawa zake za kuvuta kama daktari alivyoagiza, na nawe usiache dawa ati kwa kuwa nyumba ni safi. Lakini sasa analala usiku kucha, na hatujapanda tena tuktuk ile ya usiku. Ukiona mtoto mwenye pumu anashindwa kumaliza sentensi, mbavu zinabonyea akivuta pumzi, au midomo inageuka rangi, mpe dawa yake ya kuvuta na umpeleke hospitali bila kusubiri asubuhi.

Kabla hatujaagana, turudie kwa ufupi. Anza na dawa, sumu, vyombo vya maji na njia. Gawa mafungu matatu. Mwache mwenye vitu aamue, nawe sikiliza habari zake. Kizuri mpe atakayekitumia. Kumbukumbu ziwekee kasha moja. Na mzigo ukiwa mzito kuliko nguvu za familia, tafuta mshauri.

Kazi yako ya juma hili ni ndogo. Leo jioni, funua uvungu wa kitanda anacholalia mtoto, utazame kuna nini. Ukikuta kitu cha mpendwa wako aliyetangulia, usikitupe kwa haraka. Kaa na watoto, uwasimulie habari yake. Huenda baada ya hapo mkono wako ukawa mwepesi zaidi.