KIANGAZI HAKIUI VIUMBE WA UDONGONI

Ndugu Mkulima wa Maili Moja,

Masika yakiisha na kipupwe kikapita, udongo wako wa kichanga hukauka hata jembe likatimua vumbi. Watu husema shamba limekufa. Sivyo. Viumbe wadogo waliomo wangali hai, na yafaa ujue wanavyoishi.

Nyungunyungu wa aina nyingi hushuka chini penye unyevu. Hujitengenezea chumba kidogo cha mviringo, hukipaka ute, kisha hujikunja kama fundo la kamba na kukaa bila kula. Konokono mkubwa hujifukia na kuziba mlango wa nyumba yake kwa utando. Mchwa hawalali, huchimba mbali chini kufuata unyevu, wakaupandisha kwenye makao yao.

Wako pia minyoo wadogo wasioonekana kwa macho. Baadhi yao hukauka kabisa, wakangoja mvua. Usidhani ni hadithi: buu mmoja wa Nigeria, akaaye katika tope la vidimbwi vya miambani, aliwahi kuhifadhiwa mkavu miaka 17. Alipotiwa maji, akaamka. Mwilini mwake sukari iitwayo trehalosi hushika mahali pa maji.

Basi, jambo hili lakuhusu nini?

Kwanza, nyungunyungu ni rafiki yako. Hugeuza majani kuwa mbolea, na njia zake hupitisha maji ya mvua. Kwa hiyo usichome shamba unapolisafisha. Moto hula majani na kuacha udongo wazi. Jua huupiga, unyevu hupotea, na viumbe walio karibu na juu hufa. Tandaza nyasi na majani makavu chini ya mikorosho na kati ya mihogo.

Pili, adui naye hungoja. Minyoo fundo, waletao vinundu katika mizizi ya nyanya, bamia na bilinganya, huacha mayai yaliyofunikwa kwa utomvu unaoyakinga yasikauke upesi. Ukimaliza kuvuna, ng'oa mashina pamoja na mizizi yake. Mizizi yenye vinundu ikusanye kando, uichome huko. Msimu ujao usirudie mazao hayo mahali pale pale.

Fanya kazi hizi sasa, kabla ya mvua za vuli za Oktoba. Zikinyesha, rafiki na adui wataamka pamoja.