JINA LA JOKA KWA WAYUNANI NA MATAIFA MENGINE

Jioni ya leo nataka kuzungumza nanyi juu ya joka. Sisemi juu ya mnyama mwenyewe, maana majoka ya hadithi hakuna aliyeyaona. Nasema juu ya jina lake.

Wayunani wa kale walimwita drakon. Wenye elimu ya lugha hulilinganisha neno hilo na kitenzi chao chenye maana ya kutazama kwa macho makali. Nalo lafaa sana, kwa kuwa nyoka hana kope za kufumba. Hulala macho wazi. Ndiyo sababu katika hadithi zao drakon huwekwa kuwa mlinzi. Mmoja, jina lake Ladon, alilinda matofaa ya dhahabu. Mara nyingi hakuwa na mabawa wala miguu. Alikuwa nyoka tu, ila mkubwa mno. Warumi wakalichukua neno wakasema draco, na kutoka kwao likafika kwa Waingereza, wasemao dragon. Wachoraji wa Ulaya ndio waliozidi kumpa mabawa, miguu na moto.

Katika karne ya 3 kabla ya Kristo, Wayahudi wa Aleksandria walianza kufasiri Torati kwa Kiyunani. Walipokuta neno la Kiebrania tannin, ndugu wa tinnin ya Kiarabu, mara nyingi waliandika drakon. Basi katika Kiyunani fimbo ya Haruni iligeuka drakon, na adui wa Ufunuo, sura ya 12, ni drakon vile vile. Sisi husoma nyoka pale, na joka hapa. Wala si ajabu, kwani joka ni nyoka aliyekuzwa.

Lakini huko China mambo ni mengine. Mnyama wao, long, huleta mvua na baraka, na wafalme wao walivaa sura yake katika majoho mpaka ufalme ulipokoma mwaka 1912. Watu wa Ulaya walimwita dragon, nasi twamwita joka. Msomaji aliyezoea Ufunuo aweza kudhani kwamba Wachina humheshimu Shetani, akawahukumu taifa zima kwa kosa la neno moja.

Kwa hiyo, ukifasiri jina la kitu cha wageni, usitazame umbo lake tu. Uliza kwanza: je, wenyewe wanakiogopa, au wanakipenda?