Tuwashone kwa Majina Yao: Kitambaa cha Kumbukumbu kwa Waliofia Migodini Lualaba

Mada kwa semina ya mafundi cherehani na vikundi vya akina mama, Kolwezi



1. Kwa nini kitambaa

Tarehe 27 Juni 2019 shimo la KOV, katika eneo la kampuni ya Kamoto Copper, liliwaporomokea wachimbaji wa mikono. Siku ile kampuni ilitaja vifo 19. Muda si mrefu idadi ikafika 43. Tarehe 15 Novemba 2025, kwenye mgodi wa Kalando, huko Mulondo, daraja lilivunjika na watu wasiopungua 32 wakafa. Hesabu hizo zilitangazwa dunia nzima, lakini majina yaliishia kwenye vilio vya familia. Kila 2 Agosti taifa letu linawakumbuka wahanga wa vita. Waliofia shaba na kobalti nao ni msiba wa taifa, na sisi tunaoshika sindano tunaweza kuanza kuwakumbuka leo, kila mmoja kwa jina lake.

2. Waliotutangulia

Mwaka 1987, San Francisco, Marekani, Cleve Jones na wenzake walianza kushonea vitambaa waliokufa kwa UKIMWI, wakati wengi waliona aibu hata kuutaja ugonjwa huo. Kila kipande kilikuwa futi 3 kwa 6, karibu kipimo cha kaburi. Oktoba mwaka huohuo, vipande 1,920 vilitandazwa Washington; siku hizi vinakaribia 50,000. Kazi ile ilikua kwa sababu yeyote aliyefiwa aliweza kushona na kuleta chake.

3. Namna ya kushona

Kwetu, mraba wa sentimita 50 unatosha: upana wa kikwembe unatoa miraba miwili pamoja na pindo. Juu iwekwe nguo ya marehemu au kikwembe alichokipenda mama yake. Katikati blanketi jepesi. Chini kitambaa kigumu. Tabaka zote tatu zishikwe kwa bandi kabla ya kupita cherehani, zisihame. Herufi za jina zikatwe kwenye kitambaa cha rangi moja, zisomeke kwa mbali.

Nguo ya mgodini isikung'utwe. Vumbi la kobalti hudhuru mapafu, basi iloweshwe nje, ifuliwe, ndipo ikatwe. Gunia la madini hufumuka upesi na jua hulidhoofisha. Likitumika, kingo zikunjwe mara mbili.

4. Jina na ruhusa

Familia nyingine zinaogopa, maana marehemu alichimba pasiporuhusiwa. Marehemu wengine ndugu zao wako Kasai, na hapa walijulikana kwa jina la utani tu. Tusishone jina bila idhini ya wenyewe. Pale ndugu wasipopatikana, tushone lile wenzake wa shimoni walilomwita, tuache nafasi ya jina kamili.

5. Mapendekezo

Kwanza, kila kikundi kiwe na daftari la majina, linalosomwa mbele ya familia kabla ya kukata kitambaa. Pili, vipande viunganishwe tisatisa kwa vifungo, ili kipya kiongezwe bila kufumua. Tatu, kitambaa kisipokee fedha wala nembo ya kampuni yoyote. Nne, kila 27 Juni kitandazwe hadharani hapa Kolwezi, na viongozi wa jimbo waalikwe kuyasoma majina hayo kwa sauti, moja baada ya jingine, mpaka la mwisho.