Kabla ya Kukata Mkorosho

(Maneno ya Afisa Habari wa Halmashauri katika mkutano wa hadhara wa kata)



Nimeombwa nizungumzie swali lililoulizwa katika mkutano uliopita: kwa nini sisi wa uwanda wa Makonde tuendelee kuuza korosho na kununua mahindi ya Ruvuma, ilhali ardhi ni yetu na jembe ni letu? Mzee aliyeuliza alisema ameshaandaa shoka. Swali lake si la mzaha, nami sitalijibu kwa mzaha.

Nianze na maji, maana hilo kila mama hapa analijua. Maji ya bondeni hayauzwi. Lakini anayeshuka alfajiri na kupanda saa nne, ndoo kichwani, ameacha palizi, ameacha kupika, ameacha mtoto. Alivyoviacha ndivyo bei ya ndoo ile. Wachumi huiita gharama ya fursa: thamani ya kile unachokikosa kwa kuchagua kingine. Shamba nalo lina bei ya namna hiyo.

Tuchukue mfano wa hesabu tu, wala si takwimu za idara ya kilimo. Tuseme ekari moja ya hapa hutoa magunia 4 ya korosho au magunia 4 ya mahindi. Ekari ya mwenzetu wa Ruvuma hutoa magunia 5 ya korosho, kwani hata Tunduru mkorosho unastawi, au magunia 15 ya mahindi. Ametushinda kwa yote mawili. Je, tufunge virago? La. Akitaka gunia moja la korosho, yeye hupoteza magunia 3 ya mahindi; sisi hupoteza moja tu. Hapo ndipo tunapomzidi. Tukibadilishana gunia moja la korosho kwa mawili ya mahindi, ekari yetu inatuletea magunia 8 ya mahindi badala ya 4. Naye akitoa 8 anapata korosho ambazo shambani kwake zingemgharimu mahindi magunia 12. Hakuna aliyemwibia mwenzake.

Mwingereza David Ricardo alilieleza jambo hili mwaka 1817 kwa mfano wa nguo na divai. Katika hesabu yake Ureno iliishinda Uingereza kwa vyote viwili: divai kwa kazi ya watu 80 dhidi ya 120, nguo kwa watu 90 dhidi ya 100. Hata hivyo alionyesha kuwa Ureno ingefaidika kwa kushika divai na kununua nguo. Hiyo ndiyo faida linganishi.

Sasa nisiwafiche upande wa pili, kwa kuwa mzee wetu hakuota. Katika yale magunia 8, nauli na ushuru vikila mawili, bado tuna 6. Vikila manne, tumerudi pale pale, na shoka lina haki ya kunolewa. Mwaka 2017 ushuru wa mazao ulishushwa kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula, nao ulikuwa uamuzi mzuri. Lakini barabara isiyopitika masika ni ushuru usio na stakabadhi. Hilo ni deni letu Halmashauri, na wananchi mna haki ya kutudai.

Tena kuna kalenda. Korosho tunaziuza mnadani kuanzia Oktoba. Mahindi ya Ruvuma huvunwa katikati ya mwaka, na fedha zetu zinapofika bei yake imekwisha kupanda. Faida ya biashara inapotelea hapo, katika miezi ile. Chama cha msingi kikiweka akiba sehemu ya malipo na kununua mahindi kwa pamoja wakati wa mavuno, gunia lile lile litapatikana kwa bei nafuu. Na mwaka bei ya korosho ikianguka? Hapo asiye na muhogo atalala njaa, hata hesabu yake ikiwa safi kama ya Ricardo. Mimi binafsi sishauri kaya yoyote iache kipande chake cha muhogo.

Lakini mkorosho, ndugu zangu, si zao la msimu. Anayeacha mahindi mwaka huu atayarudia mwakani. Anayekata mkorosho, akijuta, hata akipanda mche bora wa kubebesha, atasubiri kama miaka mitatu kuona mavuno ya kwanza, na zaidi ya hapo kuona mavuno ya maana. Miaka hiyo nayo iwekwe kwenye hesabu ya shoka.

Mzee wangu, nimekuona umekaa pale mbele. Afisa Ugani yuko hapa na daftari lake; tukimaliza, tukae watatu tuipige hesabu ya shamba lako, ekari kwa ekari.