Tuba za York na Mifano Yake

Twapenda kunena habari za tuba, tarumbeta kubwa yenye sauti nzito kupita zote. Katika miaka ya 1930 kiwanda cha York, mjini Grand Rapids, Marekani, kilifanyiza tuba mbili ambazo hatimaye zilikuwa za Arnold Jacobs, mpigaji wa okestra ya Chicago tangu 1944 hata 1988. Sauti yake ikawa kipimo cha wapigaji wengi. Basi mafundi wakaziiga: Hirsbrunner wa Uswisi, Yamaha wa Japani, na Nirschl wa Ujerumani.

Kwa macho mifano hiyo yafanana: bomba refu la futi 16 hivi, na mdomo mpana. Lakini unene wa shaba na kazi ya nyundo hutofautiana, nayo sauti vivyo hivyo. Kijana atoaye fedha nyingi kwa tuba moja asidanganywe na umbo wala jina. Mtu mmoja na azipige zote, wimbo ule ule, naye asikilizaye akae mbali, asione ipigwayo. Jacobs mwenyewe alifundisha pumzi na wimbo kwanza. Hayo hakuna fundi awezaye kuyaiga.