Choo cha Mboji: Kulinda Maji, Shamba na Hali ya Hewa

Mazungumzo na wakazi wa Kata ya Machochwe



Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwahimiza Watanzania kuchimba vyoo. Mwaka 2017 kampeni ya Nyumba ni Choo ikahimiza kila kaya iwe na choo bora. Kazi hiyo haijaisha, lakini sasa swali la pili limejitokeza: choo kikijaa, kilichomo kinakwenda wapi?

Shimo lililo karibu na kisima au lililofikia maji ya ardhini hupeleka vimelea kwenye maji ya kunywa. Mvua kubwa ikinyesha, shimo huweza kufurika au kubomoka, na uchafu ukafuata mkondo hadi Mto Mara, ambao maji yake huishia Ziwa Victoria. Aidha, kinyesi kilicholowa mahali pasipo na hewa huzalisha methani, gesi inayopasha dunia joto takriban mara 28 kuliko hewa ya ukaa katika kipindi cha miaka 100. Kinyesi kikiwa kikavu na chenye kupitisha hewa, gesi hiyo hupungua sana.

Choo cha mboji hujengwa juu ya ardhi na huwa na vyumba viwili vinavyotumika kwa zamu. Mkojo hupitia bomba lake hadi kwenye dumu; kinyesi huangukia chumbani na kufunikwa kwa majivu kila baada ya kujisaidia. Maji ya kunawia huelekezwa kwenye mfereji wa pembeni, kwani chumba kikilowa, harufu na nzi hurudi. Chumba cha kwanza kikijaa hufungwa, na cha pili huanza kutumika.

Jambo lisilo na mjadala ni muda. Mayai ya minyoo hudumu kuliko vimelea vingi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2006 unataka kinyesi kihifadhiwe zaidi ya mwaka mmoja penye joto la nyuzi 20 hadi 35, na miezi 18 hadi 24 penye baridi zaidi. Kwa kuwa usiku wa Serengeti huwa na ubaridi, ni busara kusubiri miezi 18 au zaidi, na kila chumba kiwe na ukubwa wa kuitosha kaya kwa muda huo. Anayefukua kabla ya wakati huwaletea watoto wake ugonjwa badala ya mbolea.

Faida yake inahesabika. Makadirio yaliyofanywa kwa Uganda yanaonesha kuwa mkojo wa mtu mmoja hubeba takriban kilo 2.2 za naitrojeni kwa mwaka. Kaya ya watu kumi hutoa kilo 22, karibu sawa na kilo 23 zilizomo katika mfuko wa kilo 50 wa urea, ingawa sehemu yake hupotea hewani. Mkojo huchanganywa na maji, humwagwa kwenye kifereji kando ya mmea, kisha hufukiwa. Usimwagwe kwenye majani, na usitumike mwezi wa mwisho kabla ya mavuno. Mboji iliyokomaa huchanganywa na udongo kabla ya kupanda mahindi, migomba au miti. Isiwekwe kwenye mchicha, nyanya wala kabichi.

Wapo wanaosema jambo hili ni kinyaa. Hisia hiyo ni ya haki, na imewalinda watu kwa vizazi vingi. Hata hivyo, mboji iliyokomaa hunuka udongo, na majirani wameijaribu. Kisoro, Uganda, ambako mwamba wa volkano hufanya uchimbaji kuwa mgumu, vyoo vya aina hii vilianza kujengwa miaka ya 1990. Mukuru, Nairobi, tangu mwaka 2011, kinyesi hukusanywa kutoka vyooni na kugeuzwa mbolea.

Hakuna anayetakiwa kubomoa choo bora alichonacho. Lakini kaya ambayo shimo lake limejaa, au inayoishi penye mwamba au penye maji ya karibu, ipime njia hii kabla ya kuchimba shimo jingine, na imwone Afisa Afya kwa ushauri wa eneo na vipimo.

Majivu yapo katika kila jiko. Kinachohitajika zaidi ni subira.