Kazi ya Wazazi na Waalimu katika Shule za Watoto
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wazazi na waalimu katika Jubilei ya Miaka 100)



Twamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha katika siku hizi za furaha. Dayosisi yetu ya Masasi ilitengwa na Dayosisi ya Unguja mwaka 1926, na askofu wake wa kwanza alikuwa Vincent Lucas. Lakini kazi yenyewe ni ya zamani kuliko dayosisi, maana Askofu Edward Steere aliwaleta Masasi watu waliokombolewa utumwani mwaka 1876. Misheni hii iliteketezwa katika vita ya Majimaji mwaka 1905, nayo ikajengwa tena. Na kanisa lilipojengwa, shule nayo ilijengwa, kwani wazee wetu hawakuona njia ya kuwapa watu Neno la Mungu pasipo kuwafundisha kusoma.

Basi tumepewa kazi ya kusema habari za shule za watoto: yaliyo juu ya serikali, yaliyo juu ya mzazi, na yaliyo juu ya mwalimu. Jambo hili si dogo. Twaona vijijini mwetu ugomvi kati ya wazazi na waalimu, na mara nyingi chanzo chake ni neno moja tu, neno "bure". Mzazi asikiapo kwamba elimu ni bure, hudhani kazi yake imekwisha. Mwalimu naye, akiona upungufu wa shule, hutaka fedha kwa mtoto asiyekuwa nazo. Na hao wakubwa wawili wakishindana, aumiaye ni mtoto.

Yafaa kwanza tukumbuke njia tuliyopita. Shule za misheni zilizopokea ruzuku ya serikali zilichukuliwa na serikali kwa sheria ya mwaka 1969. Wengine katika sisi walihuzunika, lakini matunda yake twayajua: shule ikawa ya watoto wote, Mkristo na Mwislamu, bila ubaguzi. Ada ya shule za msingi iliondolewa mwaka 1973. Mwaka 1974 chama cha TANU kiliazimia Musoma kwamba kila mtoto asome, na mwaka 1977 neno hilo likatimizwa nchini kote. Katika miaka ya 1980 hali ya uchumi ikawa ngumu, na wazazi wakatakiwa tena kulipa. Aliyeiondoa ada mara ya pili, mwaka 2001, ni Rais Benjamin Mkapa, mwenyeji wa Lupaso, hapa hapa Masasi. Lakini michango ya namna namna ilibaki, hata serikali ikatoa Waraka Namba 5 wa mwaka 2015, na tangu Januari 2016 michango ya lazima imekatazwa.

Sasa na tuutazame mgawo wenyewe. Serikali ilijitwalia kulipa mishahara ya waalimu, gharama za mitihani, na ruzuku ya uendeshaji. Ruzuku hiyo iliwekwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi mmoja wa shule ya msingi kwa mwaka. Katika hizo shilingi 6,000 hupelekwa shuleni, na 4,000 hubakizwa kwa ajili ya vitabu. Na tufanye hesabu pamoja. Shule yenye watoto 400 hupata shilingi 2,400,000 kwa mwaka, yaani shilingi 500 kwa kila mtoto kwa mwezi. Kwa fedha hiyo hununuliwa chaki na karatasi, hutengenezwa madawati na milango, na mengine mengi. Mzazi aliyeijua hesabu hii hatasema tena kwamba mwalimu mkuu amekalia mali nyingi. Na mwalimu mkuu aliyeibandika ukutani, kila mtu aione, hatashukiwa.

Mzazi naye amebakiziwa sehemu yake kwa maneno yaliyo wazi: sare, madaftari na kalamu, matibabu ya mtoto wake, na chakula cha mchana kwa mtoto arudiye nyumbani jioni. Mambo haya si michango ya shule. Ni malezi, ambayo tangu hapo yalikuwa ya mzazi.

Twamkumbuka Hana, mamaye Samweli. Alimtoa mwanawe kwa Bwana, akamkabidhi mikononi mwa kuhani Eli, na pale hekaluni mtoto alilelewa na kufundishwa. Je, Hana alikaa nyumbani akisema, "Huyu sasa ni wa Eli"? Sivyo. Kila mwaka alimshonea kanzu ndogo, akampelekea. Na kanzu ile sharti ilikuwa kubwa kidogo kuliko ya mwaka uliopita, maana mama alijua kwamba mtoto amekua. Mzazi wa namna hii ndiye tumtakaye katika shule zetu: amemkabidhi mtoto kwa mwalimu, walakini haachi kumtazama.

Katika mambo yote, lenye ugomvi zaidi ni chakula. Mtoto aliyetoka nyumbani alfajiri bila kutia kitu kinywani, akatembea mwendo mrefu, hawezi kuzifahamu hesabu za saa sita. Husinzia, naye mwalimu humwita mvivu. Shauri letu ni hili. Wazazi wakutane katika mkutano wa kijiji wakati wa mavuno, mahindi yakiwa bado ghalani, wakubaliane kila nyumba itatoa kiasi gani. Kamati ya shule ipokee na kuandika, na mzazi mmoja, wala si mwalimu, ashike ufunguo wa ghala. Asiye na mahindi alete kuni au maji, au aje kupika. Lakini mtoto asifukuzwe darasani, wala asinyimwe uji mbele ya wenzake, kwa sababu mzazi wake hakutoa. Deni ni la mzazi. Mtoto hana deni. Mwalimu amfukuzaye mtoto kwa ajili ya debe la mahindi amevunja agizo la serikali, na mbele ya Mungu amemkosea mdogo.

Jambo la pili ni utoro. Kwa Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 mtoto aliyeandikishwa sharti ahudhurie mpaka amalize, na Sera ya Elimu iliyozinduliwa mwaka 2025 yataka elimu ya lazima iwe miaka 10, sita ya msingi na minne ya sekondari. Lakini sisi wa kusini tunajua kwamba korosho haziisomi sheria. Huanguka Oktoba, mwezi ule ule wa upimaji wa darasa la nne, na madawati huwa matupu. Hatusemi mtoto asifanye kazi. Mtoto asiyejua jembe ni hasara kwa kwao. Twasema aokote korosho baada ya saa za shule na siku ya Jumamosi. Kadhalika jando na unyago. Askofu Lucas na mapadre wenyeji hawakuyafutilia mbali mambo ya wazee. Waliliingiza jando katika ibada na kuliweka chini ya ulinzi wa Kanisa. Basi nasi tusishindwe kuyapangia wakati. Kuna likizo ya Juni, kuna likizo ya Desemba. Samaki mkunje angali mbichi, lakini mkunje siku ambayo shule imefungwa.

Jambo la tatu ni mabinti zetu. Kuna baba ambaye binti yake akitoka unyagoni humhesabu kuwa mke wa mtu. Ajue kwamba sheria iliyorekebishwa mwaka 2016 yaweka kifungo cha miaka 30 kwa mtu amwoaye au ampaye mimba mwanafunzi. Na binti aliyekwisha kuanguka asitupwe. Tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu arudi shuleni baada ya kujifungua. Twajua wako Wakristo walioona ruhusa hii ni kulegeza maadili. Twawauliza kwa upole: nani atamlea mtoto mchanga vema zaidi, mama aliyesoma au mama aliyefungiwa mlango? Bwana wetu hakumfukuza mwanamke aliyeletwa mbele yake na watu wenye mawe.

Waalimu wapendwa, ninyi nanyi mna sehemu yenu. Mzazi asiyejua kusoma akija shuleni apewe kiti, asemeshwe kwa heshima. Asiitwe kwa mashtaka peke yake. Aitwe hata siku ambayo mtoto wake amefanya vizuri. Fedha ya shule isomwe mbele ya kamati kila muhula, na fimbo isiwe mwalimu wa kwanza.

Nanyi wazee wa kanisa, twawaomba jambo moja jepesi. Januari, shule zinapofunguliwa, kila mtaa uhesabu watoto wake waliotimiza umri wa kuandikishwa, na wale waliokosa sare au daftari kwa yatima na umaskini. Majina yapelekwe kwa padre kwa siri, na sadaka ya Jumapili moja iwe yao. Kidole kimoja hakivunji chawa. Mtaa mzima hautashindwa na sare ya yatima mmoja.

Wazee wetu walijenga shule kwa miti na udongo, zikachomwa, wakajenga tena. Sisi tumepewa shule zilizokwisha kujengwa, na waalimu wanaolipwa. Kilichobaki ni mtoto afike, ameshiba, amevaa, akae mpaka mwisho. Mungu na awabariki wazazi na waalimu, awape kupatana kwa ajili ya watoto wake. Amina.